Mzigo Uliofunguliwa Njiani: Miaka 20 ya Opera Mini na Faragha ya Mtumiaji wa Tunduma

Januari 2026 ilitimia miaka 20 tangu kampuni ya Opera ya Norway ianze kusambaza duniani kote Opera Mini, kivinjari kidogo kilichobuniwa kwa ajili ya simu za vitufe, na katika mji wa Tunduma, ambako barabara kuu itokayo Dar es Salaam huvuka mpaka na kuingia Nakonde nchini Zambia, kumbukumbu hiyo inastahili kutazamwa kwa makini kuliko inavyotazamwa katika miji mikubwa. Kivinjari ni programu inayokwenda kuchukua kurasa za wavuti na kuzionyesha kwenye kioo, na neno lenyewe limetokana na kitenzi cha kale kuvinjari, yaani kuzungukazunguka huku na huko kwa kuchungulia au kufanya doria, ingawa mitaani wengi husema kuperuzi. Historia yake upande wa faragha ni historia ya chombo cha doria ambacho mara nyingi kimekuwa kikimchungulia mwenye doria mwenyewe.

Hatua za mwanzo zinajulikana. Tim Berners-Lee aliandika kivinjari cha kwanza mwaka 1990 akiwa katika maabara ya CERN, Uswisi. Mosaic ikafuata 1993, Netscape 1994, Internet Explorer ya Microsoft 1995, Firefox 2004 na Chrome ya Google 2008. Katika mlolongo huo yafaa kusimama kidogo kwa Netscape, kwa kuwa humo yalizaliwa mambo mawili yanayovutana mpaka leo: vidakuzi, alivyovibuni Lou Montulli mwaka 1994, ambavyo ni vipande vya maandishi vinavyoachwa na tovuti ndani ya kifaa cha mtumiaji ili imtambue akirudi, na mfumo wa usimbaji fiche wa mawasiliano, yaani kuyageuza maandishi kuwa fumbo ambalo asiye na ufunguo hawezi kulisoma. Kampuni moja ilitengeneza kufuli na tundu la kuchungulia. Tanzania, ambayo mwaka 1974 ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, ilikuwa mbali na ushindani huo. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulizinduliwa Dar es Salaam Julai 2009, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano nao ukafikishwa mpakani Tunduma.

Kwa mtumiaji wa simu ya bei nafuu, hata hivyo, kilichoamua kivinjari gani kitumike kilikuwa ni bei ya bando. Opera Mini haikwenda yenyewe kwenye tovuti, bali ilituma ombi kwenye seva, yaani kompyuta kubwa za kampuni, ambazo ziliuchukua ukurasa uliotakiwa, zikaubana kwa kiasi ambacho kampuni ilisema kinaweza kufikia asilimia 90, ndipo zikaurudisha kwa mwenye simu. Mfano wa karibu ni malori yanayopanga foleni Tunduma: kontena lililofungwa kwa lakiri bandarini Dar es Salaam likielekea Lubumbashi hupita mpakani likiwa limefungwa vilevile, na lakiri ikikutwa imekatwa dereva ana maswali ya kujibu. Mzigo wa Opera Mini ulifunguliwa njiani, ukapangwa upya na kufungwa tena, kwa sababu ukurasa uliosimbwa hauwezi kubanwa na asiyeusoma. Usimbaji ulikuwepo kutoka simu hadi seva na kutoka seva hadi tovuti, lakini katikati maandishi, pamoja na nywila ya barua pepe au ya benki, yalikuwa wazi. Opera haikulificha jambo hilo, kwani maelezo yake ya usalama yalimshauri anayetaka usimbaji usiokatika mwanzo hadi mwisho atumie kivinjari kamili. Wangapi waliyasoma ni suala jingine.

Mzozo uliovuma zaidi ulimhusu mshindani wake, UC Browser, kivinjari cha kampuni ya China ya UCWeb ambayo Alibaba iliinunua mwaka 2014, kilichokuwa na nembo ya kindi na ambacho wenyewe walidai kina watumiaji zaidi ya milioni 500. Tarehe 21 Mei 2015 maabara ya Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto nchini Canada ilitoa ripoti ambayo katika kichwa chake ilimwita mnyama huyo kindi mpayukaji, na jina hilo lilimkaa sawasawa. Watafiti waligundua kwamba toleo la Kichina lilikuwa likituma namba za utambulisho wa simu na laini, pamoja na taarifa za mahali mtumiaji alipo, bila usimbaji wowote au kwa usimbaji dhaifu unaovunjika kirahisi, na kwamba toleo la Kiingereza lilituma maneno anayoyatafuta mtumiaji yakiwa wazi kabisa, kiasi kwamba yeyote aliyekaa kwenye njia ya mawasiliano, awe mwenye mtandao wa simu au mwenye Wi-Fi ya nyumba ya wageni, angeweza kuyasoma. Hata aliyefuta kumbukumbu zake kwa kubonyeza kitufe cha kufuta aliacha nyuma orodha ya anwani za tovuti alizozitembelea.

Alibaba ilikuwa imearifiwa tarehe 15 Aprili, na ikatoa toleo lililorekebishwa. Kilichogeuza kasoro ya kiufundi kuwa ugomvi wa kisiasa ni chanzo cha utafiti wenyewe: waraka wa siri uliovujishwa na Edward Snowden, aliyekuwa akifanya kazi katika ujasusi wa Marekani, ambao shirika la utangazaji la Canada, CBC, lilikuwa likiufanyia kazi, ulionyesha kwamba mashirika ya ujasusi ya Marekani, Canada, Uingereza, Australia na New Zealand yalikuwa yameshaligundua tundu hilo miaka kadhaa kabla, na badala ya kuwaonya watumiaji yakalitumia. Hilo ni kosa kubwa kuliko la kampuni, kwa kuwa mzembe anaweza kurekebishwa, ila anayeona mlango wa jirani uko wazi akanyamaza ili apate kuingia yuko katika kundi lingine.

Uzito wa mvujo huo kwa mkazi wa mpakani unaonekana katika namba moja. Kila laini ya simu ina namba ya utambulisho yenye hadi tarakimu 15, tofauti na namba ya kupigia, na tarakimu tatu za mwanzo hutaja nchi: 640 ni Tanzania, 645 ni Zambia. Simu ya laini mbili, ambayo ni nyenzo ya kawaida kwa wakala wa forodha au mfanyabiashara anayevuka kwenda Nakonde na kurudi, hubeba zote mbili, hivyo anayeipata namba hiyo pamoja na mahali simu ilipo anaweza kuchora safari za mtu kuvuka mpaka siku baada ya siku. Tanzania ilipoanza mwaka 2019 kusajili laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, namba hiyo ilipata jina na sura nyuma yake.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Opera iliuzwa mwaka 2016 kwa kundi la wawekezaji kutoka China. India ikaipiga marufuku UC Browser Juni 2020. Tovuti nyingi zikahamia kwenye usimbaji, na mwaka 2023 Chrome ikaiondoa picha ya kufuli kwenye upau wa anwani kwa kuwa watu waliidhania kuwa hati ya uaminifu, ilhali ilisema tu kwamba njia imefungwa, bila kusema aliye mwisho wa njia ni nani. Mwaka huohuo wa 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliwataka wanaotumia VPN, yaani njia ya kuficha mahali mtumiaji alipo, watoe taarifa kabla ya Oktoba 30, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ikaanza kutumika.

Sheria hiyo ni jambo la kujivunia, lakini imekuja katika nchi ambayo mnunuzi wa simu huulizia betri, kamera na laini mbili, asiulizie kivinjari kilichomo. Hali ni mbaya zaidi katika steshenari, maduka ya kuchapa na kunakili ambako kijana wa Vwawa, Mlowo au Tunduma huomba mkopo wa elimu ya juu au kazi serikalini, akimtajia mhudumu namba yake ya kitambulisho cha taifa (NIDA) na nywila huku wateja wengine wakisikia. Hapo kivinjari ni cha mwenye duka, na swali la iwapo nywila ihifadhiwe hujibiwa ndiyo na mhudumu mwenye haraka. Anayeketi kwenye kompyuta hiyo aombe kufunguliwa dirisha la faragha kabla ya kuanza, aandike nywila kwa mkono wake mwenyewe, na asiinuke kabla hajajitoa kwenye akaunti na kulifunga dirisha hilo.