Salio la Punje

Kamati moja ya istilahi imepitisha "kiwango cha ukoboaji" kuwa Kiswahili cha seimai-buai, kipimo kinachoandikwa kwenye chupa za sake ya Kijapani. Pendekezo langu, "salio la punje", lilirudishwa bila hata mstari mmoja wa sababu. Sababu zangu mimi ni hizi.

Seimai-buai ni uzito wa mchele uliokwisha kukobolewa ukilinganishwa na uzito wake ulipokuwa bado na ngozi ya kahawia. Hupima kilichobaki. Sake ya daraja la ginjo haitakiwi kuzidi asilimia 60, daiginjo 50, honjozo 70. Mpe msomaji "kiwango cha ukoboaji asilimia 70" naye ataamini honjozo ndiyo iliyokobolewa kuliko zote, ilhali sake ya Dassai 23, ambayo mchele wake umepoteza asilimia 77 ya uzito, ataidhani imeguswa juujuu. Ngazi nzima imegeuzwa kichwa chini.

Watetezi wa istilahi ya kamati hujibu kwamba ndiyo tafsiri sisisi: seimai ni kukoboa mchele, buai ni kiwango. Sawa. Lakini Mjapani anayo fasili ya mamlaka yake ya kodi, iliyotolewa mwaka 1989, inayomwambia kinachopimwa ni nini. Msomaji wetu analo neno tupu, na neno hilo linamdanganya.

Tena tukitazame kitenzi chenyewe. Koboa kimo katika ukoo wa ng'oa, chomoa, bandua, fungua, na mwisho huo wa -oa na -ua katika lugha yetu huelekeza akili kwenye kutoa na kutengua. Anayesikia ukoboaji huwaza pumba na wishwa. Salio limetoka upande wa pili: kusaa, yaani kubaki baada ya kingine kuondoka, ndiko tulikopata kusaza, masazo na kusalia. Masazo tumeyaachia sahani. Baki limeshikwa na walimu wa hesabu. Salio liko huru, na kila mwenye simu hulisoma akijua kwamba ni fedha iliyopo, si aliyokwisha kutumia. Hakuna aliyehitaji kamati kumfundisha hilo.

Nasema punje, sisemi mchele, kwa kuwa salio la mchele ni la gunia. Hapa kazi yote inafanyika ndani ya punje moja. Mafuta na protini vimejaa tabaka za nje. Wanga umekaa katikati, na katika mpunga wa Yamada Nishiki kiini hicho cheupe, shinpaku, huonekana kwa macho. Kinu kikila tabaka za nje polepole, kisha pombe ikaachwa ichachuke taratibu kwenye baridi, ndipo ginjo hutoa harufu ya tufaha au ndizi mbivu. Salio likiwa kubwa, ladha ya nafaka hubaki mdomoni, na sake ya namna hiyo huvumilia kupashwa moto.

Matumizi: andika "salio la punje asilimia 50", bila "kiwango" mbele. Sake ya daraja la junmai iliondolewa sharti la salio mwaka 2004, kwa hiyo jina lake pekee halikuambii salio ni kiasi gani; soma tarakimu.