Ramani ya Uhalifu Nairobi na Urithi wa Mipaka ya Kikoloni
Nairobi, iliyoanza mwaka 1899 kama kituo cha reli, iligawanywa kwa misingi ya rangi: Wazungu kwenye miinuko ya magharibi, Waafrika mashariki, Pumwani na mitaa jirani. Kuanzia 1920, mwanamume Mwafrika aliyepatikana bila kipande alihesabiwa mhalifu. Aprili 1954, Operesheni Anvil iliwazoa maelfu ya wakazi kwa kuzingatia kabila lao. Kwa hiyo, kumbukumbu za polisi zilionyesha zaidi mahali walipopekua kuliko mahali uhalifu ulipotendeka. Mpangaji wa doria anayetegemea idadi ya waliokamatwa hurithi upogo huo. Hana budi kuilinganisha na taarifa za waathiriwa wenyewe kabla ya kuuhukumu mtaa mzima.