Uteuzi wa Wembe katika Nchi ya Karagwe

Mtoto akililia wembe, mpe, husema wahenga. Wala hawakutaja ni wembe gani. Kijana wa leo aingiaye dukani Kayanga kununua wembe wake wa kwanza hana shughuli kubwa, kwani viwembe vyote hutoka kiwandani vikiwa sawasawa, na kikifa makali hutupwa. Lakini zilikuwapo zama ambazo wembe ulinolewa na kutumika miaka mingi, nao uliteuliwa kwa hadhari. Katika Karagwe ya kale, iliyokusanya pia nchi ya Kyerwa, ambayo ilifanywa wilaya mbali mwaka 2012, uteuzi huo ulianzia katika donge la chuma, kabla wembe haujawa wembe.

Chuma kitokacho katika tanuru la udongo, kwa makaa na pumzi za mivukuto, si kitu cha namna moja. Donge lile lile huwa na sehemu laini na sehemu ngumu, kwa kadiri kaboni ya makaa ilivyopenya. Chuma laini chafaa jembe, maana hupinda pasipo kuvunjika; bali wembe wa chuma laini haunyoi, hung'oa. Wembe wataka pua. Hivyo, anayeteua kwa hakika alikuwa mhunzi, naye aliteua kwa jicho, kwa sikio na kwa mkono. Haikuwa bahati nasibu: mwaka 1976 wazee wa Buhaya, jirani na Karagwe, walijenga tena tanuru la kale na kuyeyusha, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1978 yalithibitisha kwamba chuma chao kilikuwa na kaboni ya kutosha kuitwa pua.

Si ajabu basi kwamba ufalme wenyewe ulijifunga na uhunzi. Speke alipofika kwa Mukama Rumanyika mwaka 1861, na Stanley mwaka 1876, Bweranyange ilikuwa bado na hazina ya Ndagara, baba yake Rumanyika. Miongoni mwa alama za enzi za Karagwe zilikuwamo nyundo, fuawe, na ng'ombe waliofuliwa kwa chuma.

Ulaya ilikuwa imelitatua jambo hilo kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1740 Benjamin Huntsman wa Sheffield aliyeyusha pua ndani ya vyungu hata kaboni ikaenea pote. Tangu hapo mnunuzi wa wembe wa kukunja, uwe wa Sheffield au wa Solingen, aliweza kutazama chapa tu, asimjue mfuaji. Hapana shaka hiyo ilikuwa nafuu, ingawa maarifa yalimtoka mnunuzi yakabaki kiwandani. Gillette, aliyeanza kuuza nyembe zake mwaka 1903, alimwondolea hata kazi ya kunoa.

Matanuru yalizimika katika karne ya 20, ila wahunzi hawakutoweka. Chuma chakavu kilikuwa karibu zaidi. Na mhunzi aliyetaka kisu chenye makali aliiacha nondo laini, akachukua springi ya gari.