Meli Mbili, Mlipuko Mmoja

Novemba 1934 wageni wawili walifika Chuo Kikuu cha Lehigh, Pennsylvania, kumtafuta mwalimu kijana wa fizikia aitwaye Maurice Ewing. Mmoja alikuwa Richard Field, mwanajiolojia wa Princeton. Mwenzake, William Bowie, alitoka katika idara ya serikali ya Marekani iliyohusika na upimaji wa pwani. Walikuwa wamesikia kwamba Ewing hulipua baruti ardhini, akanasa mitetemo yake kwa vyombo, kisha akaeleza ni miamba gani imejificha chini na iko kina gani. Wakataka kujua kama kazi hiyo ingeweza kufanyika baharini.

Swali lao halikuwa dogo. Bara la Amerika huendelea chini ya maji ya Atlantiki kwa masafa marefu, bahari ikiwa bado haina kina kikubwa, halafu sakafu inaporomoka ghafla kuelekea kilindini. Je, pale inapoporomoka ndipo mwamba wa bara unapoishia? Au ukingo ule ni lundo tu la mchanga na tope lililomwagwa na mito kwa mamilioni ya miaka? Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyewahi kupima.

Ewing alikubali, na Oktoba 1935 akapanda Atlantis, meli ya matanga ya taasisi ya bahari ya Woods Hole. Karibu na pwani ya Virginia alipata jibu lake la kwanza: kuelekea ukingoni, mwamba wa kale ulikuwa umelala zaidi ya kilomita 3 chini ya mashapo. Lundo la tope lilikuwa nene kuliko wengi walivyodhani.

Lakini hayo yalikuwa maji mafupi. Kilindini njia ile ingekwama, na sababu yake ndiyo inayobeba historia yote inayofuata. Mtetemo unaotoa habari za miamba ya chini hauendi ukarudi wima. Hushuka, ukakuta mwamba mgumu unaopitisha sauti kwa kasi zaidi, ukasafiri ndani yake kwa ulalo, ndipo ukapanda tena juu. Kadiri mwamba unavyokuwa chini zaidi, ndivyo msikilizaji anavyotakiwa kukaa mbali zaidi na mlipuko. Kwenye bahari yenye kina cha kilomita 5, umbali unaotakiwa ni makumi ya kilomita. Meli moja haiwezi kuwa hapa na kule kwa wakati mmoja. Ilibidi ziwe mbili.

Vita Kuu ya Pili iliisha ikiacha vitu vitatu vilivyohitajika: shehena za baruti zisizo na kazi tena, vyombo bora vya kusikiliza majini vilivyobuniwa kwa ajili ya kuwinda nyambizi, na mabaharia waliozoea kuongoza meli mbilimbili kwa redio. Ndipo kazi ya meli mbili ikaanza kwa dhati, kwa Ewing na wenzake upande wa Atlantiki, na kwa Russell Raitt wa taasisi ya Scripps, California, upande wa Pasifiki.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Meli ya kusikiliza huzima injini na kuachia mkondo uichukue. Haidrofoni zake, yaani vyombo vya kusikilizia majini, huning'inia baharini, na kila kinachoweza kutoa kelele hunyamazishwa, kwa maana pampu moja ikiachwa inanguruma inaweza kuharibu kipimo. Meli ya kulipua huanza safari ya kujitenga nayo kwa mstari ulionyooka. Nyuma ya sitaha mtu huwasha utambi uliokatwa kwa urefu maalumu, mwenzake hulitupa fungu la baruti baharini, na meli haisimami, huku kila mmoja akihesabu. Mwanzoni mafungu huwa madogo. Umbali unapoongezeka huongezwa ukubwa, hadi kufikia mabomu mazito yaliyotengenezwa kwa ajili ya kuwinda nyambizi. Mshindo unaposikika kwenye haidrofoni ya meli ile ile ya kulipua, ishara hurushwa papo hapo kwa redio. Kule mbali, karatasi ya picha inayopita kwenye mashine ya kurekodi huchorwa alama: sasa. Kisha wasikilizaji husubiri mistari ya kalamu za mwanga itikisike.

Hapo ndipo ninapowastahi watu wale kupita kiasi. Siku hizo hapakuwa na satelaiti, na katikati ya Pasifiki nahodha angeweza kukosea mahali alipo kwa kilomita kadhaa. Kipimo kizuri kilihitaji umbali sahihi kati ya meli mbili, nao umbali huo hawakuupata kwa nyota. Waliupata kwa bahari yenyewe. Sauti husafiri majini kilomita 1.5 hivi kwa sekunde. Mtetemo wa miambani ukishapita, mshindo uliosafiri moja kwa moja ndani ya maji nao ulifika baadaye na kuandikwa kwenye karatasi ile ile. Ukifika baada ya sekunde 20, basi meli zimeachana kilomita 30. Mlipuko mmoja ulitoa swali na rula ya kulipimia jibu.

Mstari ukiisha, meli hubadilishana kazi na kuurudia kwa mwelekeo wa kinyume. Hilo halikuwa la kupoteza muda. Kama miamba ya chini imeinama, safari ya upande mmoja itadanganya kuhusu kasi yake, na ya upande wa pili itadanganya kinyume chake. Ukizikutanisha, ukweli hubaki katikati. Kwa hiyo kila meli ilipaswa kubeba baruti, haidrofoni na wataalamu wa kazi zote mbili, na manahodha wawili walipaswa kuelewana juu ya ratiba ya siku nzima kabla jua halijachomoza. Hali ya hewa ikiharibika kwa mmoja, wote wawili wamepoteza siku.

Mwaka 1952 meli za Scripps, Horizon na Spencer F. Baird, zilianza safari iliyoitwa Capricorn, chini ya uongozi wa Roger Revelle, zikapima hadi kwenye mfereji wa Tonga. Majibu ya Raitt na ya watu wa Atlantiki yalifanana kwa namna ya kushangaza. Chini ya bara, ganda la dunia lina unene wa kilomita 30 hadi 40. Chini ya bahari kuu lina kilomita 6 au 7 tu, na chini yake mitetemo hukimbia kilomita 8 kwa sekunde. Mashapo nayo yalikuwa haba. Kama bahari zingekuwa za zamani sawa na mabara, tope lingepaswa kurundikana kwa kilomita nyingi. Hapakuwa na maelezo ya kuridhisha ya uchache ule hadi miaka ya 1960, wazo la sakafu ya bahari inayozaliwa upya lilipokubalika.

Bahari ya Hindi ilifikiwa mwisho. Kati ya 1959 na 1965 nchi nyingi zilishirikiana kuichunguza, na Uingereza ikaleta HMS Owen ya jeshi la majini na RRS Discovery, meli mpya ya utafiti iliyozinduliwa 1962. Mwaka 1963, mwaka ambao Kenya na Zanzibar zilikuwa zikijiandaa kushusha bendera ya Mwingereza, Maurice Hill wa Cambridge na vijana wake Timothy Francis na David Davies walipima mstari mrefu kati ya pwani ya Kenya na Shelisheli. Walikuta mambo matatu katika safari moja. Mbele ya Kenya palikuwa na mashapo mengi mno. Zaidi ya hapo ganda lilikuwa jembamba, la bahari halisi. Na chini ya Shelisheli likanenepa tena na kuwa ganda la bara, lililozungukwa na bahari pande zote. Mawe ya itale yanayoonekana kwenye fukwe za Mahé yalikuwa ncha tu ya kipande cha bara kilichokatika na kuachwa.

Kipimo hicho kiligusa swali la mahali Madagaska ilipotoka, ambalo lilikuwa likibishaniwa tangu zamani. Iwapo mbele ya Kenya kuna ganda la bahari, basi kitu fulani kiliwahi kuondoka hapo. Mwaka 1983 Philip Rabinowitz, Millard Coffin na David Falvey, wakisoma alama za sumaku kwenye sakafu hiyo, walionyesha kwamba Madagaska ilijitenga na pwani ya Somalia, Kenya na Tanzania na kuteremka kusini.

Francis baadaye alikwenda kufanya kazi na Raitt kwenye jambo ambalo meli mbili pekee ndizo zingeweza kulitatua. Mwaka 1964 Harry Hess wa Princeton aligundua kwamba vipimo vya zamani vya Pasifiki vilikuwa na tabia isiyo ya kawaida: mitetemo ilikwenda kasi zaidi ikisafiri upande mmoja wa dira kuliko upande mwingine, ndani ya mwamba ule ule. Kumhakikisha au kumkanusha kulihitaji meli ya kulipua impitie msikilizaji kutoka pande nyingi za dira, zikiwemo njia za kupinda kumzunguka. Matokeo yalichapishwa 1969, nayo yalimpa Hess haki.

Wakati huo huo makampuni ya mafuta yalikuwa yakishika njia yao. Bunduki za hewa iliyobanwa, zilizobuniwa na Stephen Chelminski, zilichukua nafasi ya baruti iliyoua samaki na kuhatarisha mabaharia. Kwa kuwa wao walisikiliza mwangwi unaorudi karibu wima, meli moja sasa iliweza kujipigia mlio na kuusikiliza, ikiburuta kebo za haidrofoni zenye urefu wa kilomita kadhaa. Kwa muda ikaonekana meli ya pili haina kazi tena, isipokuwa kama jirani msumbufu: kwenye Bahari ya Kaskazini, ambako majira ya kiangazi ni mafupi, mlio wa kampuni moja uliingia kwenye kebo za kampuni nyingine iliyokuwa makumi ya kilomita mbali. Wakalazimika kugawana saa, huyu akipiga na yule akingoja.

Kilichorudisha kazi ya meli nyingi ni chumvi. Katika Ghuba ya Meksiko mafuta mengi yako chini ya matandiko manene ya chumvi, yanayopindisha mitetemo kama kitako cha chupa kinavyopindisha mwanga. Ukiangalia kutoka upande mmoja huoni kitu. Kwenye eneo la Mad Dog, kuanzia 2004, BP ilitumia meli moja ya kebo na mbili za kupiga mlio, zikirudia njia mara kadhaa ili kila sehemu ya chini imulikwe kutoka pembe nyingi. Picha ilipatikana pale palipokuwa na ukungu. Kufikia 2010 WesternGeco ilikuwa ikiendesha meli nne kwa pamoja humo Ghubani, zikizunguka kwa miduara yenye kipenyo cha kilomita 12 na zaidi.

Tatizo la meli nyingi ni zamu. Meli ya aina hii huenda kilomita 8 au 9 kwa saa, yaani zaidi kidogo ya mita 2 kwa sekunde. Mlio mmoja ukisikilizwa kwa sekunde 12, msafara umesogea mita 25 hadi 30. Vyanzo vinne vya mlio vikipokezana, kila kimoja kitakuwa kimesafiri mita 100 au zaidi kabla ya kupiga tena, na picha inaanza kupasuka matundu. Mwaka 1998 Craig Beasley na wenzake walipendekeza kwamba vyanzo viwili vipigwe kwa wakati mmoja, halafu hesabu za kompyuta zitenganishe sauti. BP iliendeleza wazo hilo miaka ya 2000 ikielekea mwishoni, ikiacha kila chanzo kipige bila kumngoja mwenzake. Kutofautiana kwa nyakati zao ndiko kunakoiwezesha kompyuta kutambua mlio wa nani ni upi, mradi kila mpigo umeandikwa kwa saa ya satelaiti pamoja na mahali ulipotokea. Wanachoendelea kukubaliana manahodha kabla ya kazi ni nani atapita wapi, ili meli isikatize kebo ya mwenzake.