Somo la Historia: Mkeka, Reli na Barabara

Leo tutazungumza juu ya kitu ambacho huenda baadhi yenu mmekikalia sasa hivi, yaani mkeka. Tutaona jinsi mikeka, vikapu na vyungu vya Kilosa na Mikumi vilivyopata wanunuzi tangu zamani. Kisha tutajiuliza: ni nani aliyekuwa akipanga bei?

Kwanza tukumbuke kazi yenyewe. Ukindu hukatwa ungali mchanga, ukaanikwa juani, kisha ukachanwa. Mwingine hutiwa rangi kwa kuchemshwa. Halafu husukwa ukili mrefu, na vipande vya ukili hushonwa pamoja mpaka vikawa mkeka. Kazi hiyo huchukua siku nyingi, na mara nyingi hufanywa na akina mama baada ya kazi za shamba na jiko. Kwa hiyo wengi huona kama kwamba siku hizo hazina thamani. Shikeni neno hilo, tutalirudia.

Zamani za misafara, njia kubwa ya kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita katika nchi ya Usagara. Mwaka 1871 Henry Stanley, alipokuwa akienda kumtafuta Livingstone, alipita huku akavuka mbuga ya Mkata wakati wa mvua. Misafara ilikuwa na wapagazi wengi, nao walihitaji chakula na vyombo. Watu wa vijijini walibadilishana nao mali kwa ushanga, kaniki na merikani. Nguo hiyo iliitwa merikani kwa sababu ililetwa na meli za Marekani. Angalieni jambo moja: msafara ulipiga kambi. Mnunuzi alilala hapo, na muuzaji aliweza kukataa leo akarudi kesho.

Mwaka 1898 serikali ya Wajerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Hapo mwanzo iliwezekana kulipa kwa mazao au kwa kazi, lakini baadaye fedha ndiyo iliyotakiwa. Basi mkeka, uliokuwa chombo cha nyumbani au cha kubadilishana, ukawa pia njia ya kupata fedha.

Halafu ikaja reli. Ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Misafara ya miguu ikafa. Mashamba makubwa ya mkonge yakaenea upande wa Kilosa na Kimamba, na vibarua wakaja kutoka mbali. Watu hao walihitaji mikeka ya kulalia na vyungu vya kupikia.

Reli ilileta wanunuzi wengi, lakini iliwaleta kwa haraka. Gari la moshi husimama dakika chache tu. Abiria hutoa kichwa dirishani na kuuliza bei. Muuzaji husema, abiria hupunguza, na filimbi hulia. Filimbi ikilia, anayeogopa ni muuzaji, kwa maana abiria anaondoka na fedha zake, naye anabaki na mkeka wake. Ndiyo sababu bei huanguka filimbi inapolia.

Katika miaka ya 1960 mambo yalihamia Mikumi pia. Reli ya tawi ilijengwa kutoka Kilosa kupita Mikumi mpaka Kidatu. Mwaka 1964 Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa, na barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia hupita ndani yake. Wageni wakaongezeka, na mabasi na malori yakasimama Mikumi mjini. Lakini mpaka wa hifadhi ulikuwa na pande mbili. Ulileta mnunuzi, na pia ulikataza kukata majani na miti ndani yake. Kadhalika basi, kama gari la moshi, halingoji.

Tangu mwaka 2024 treni ya umeme hupita Kilosa ikienda Dodoma. Ni safari ya haraka na ya raha, lakini madirisha yake hayafunguliwi kwa biashara. Kwa hiyo mara nyingine tena njia imebadilika, na muuzaji hana budi kutafuta mahali pengine.

Mahali pamoja ni maonyesho. Hapa Morogoro kuna viwanja vya Nanenane vya Kanda ya Mashariki, na Dar es Salaam kuna Sabasaba, ambayo jina lake latokana na tarehe 7 Julai, siku TANU ilipozaliwa mwaka 1954. Tena kuna Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, ambalo husaidia wenye kazi za mikono. Katika maonyesho muuzaji hukaa siku kadhaa, kama ilivyokuwa kambini zamani. Mnunuzi hushika mkeka, huuliza ulivyotengenezwa, huenda, hurudi. Filimbi haipo.

Lakini maonyesho yana gharama. Chukueni kalamu, tufanye hesabu ya mfano. Mama mmoja ameshona mkeka kwa siku 10. Ukindu na rangi ni shilingi 8,000. Siku moja ya kazi yake anaihesabu shilingi 3,000. Siku 10 ni shilingi 30,000. Jumla ni 38,000. Akiuza kwa haraka shilingi 20,000, atafurahi kushika noti. Kumbe akitoa 8,000 amebakiwa na 12,000, yaani 1,200 kwa siku.

Sasa anakwenda maonyesho. Nauli, chakula na kibanda ni shilingi 60,000. Akienda na mikeka miwili, kila mmoja unabeba gharama ya 30,000, nao hautauzika. Lakini wakijiunga wenzake, wakampa mikeka yao ifike 20, kila mkeka unabeba 3,000 tu. Bei ya haki ni 41,000. Mtu anayejua hivyo hatatishwa na anayesema, "Nipunguzie."

Hayo ndiyo mafunzo ya historia yetu. Njia za biashara zilijengwa na watu wengine, na zilihama bila kumwuliza mshonaji. Yeye hakuweza kuisimamisha reli. Lakini daftari la siku zake za kazi anaweza kuliandika mwenyewe, naye ajuaye kusoma na kuhesabu ndiye atakayesema bei akiwa na sababu.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini muuzaji wa zamani za misafara aliweza kungoja, na wa stesheni hakuweza?
2. Hifadhi ya Mikumi ilileta faida gani na zuio gani?
3. Andika hesabu ya kitu kimoja ulichokitengeneza kwa mikono yako. Usisahau siku zako.