Nusu Sekunde ya Collins Obuya

Ndugu zetu walioko Marekani hutusimulia habari za vijana wa besiboli ambao katika ligi ndogo hupiga kila mpira, lakini wakipanda ligi kuu hubaki kupiga upepo. Maji ya kifuu, bahari ya chungu. Sisi wa Maskati mchezo wetu wa gongo ni kriketi, na humo Afrika Mashariki inacho kisa chake kinachofaa kukumbukwa.

Tuanze na hesabu, kama ilivyo desturi yetu wahandisi. Mpira unaokwenda kilomita 145 kwa saa hukata mita 40 kila sekunde. Kutoka mkononi mwa mrushaji hadi kwa mpigaji ni kiasi cha mita 18, basi hufika kabla nusu sekunde haijatimia. Katika muda huo, takriban sehemu moja ya tano ya sekunde hupotea kabla mkono haujaweza kuitikia kilichoonwa na jicho. Anayengoja auone mpira vizuri ndipo aamue, amekwisha chelewa.

Mwaka 2000 watafiti wawili wa Uingereza, Michael Land na Peter McLeod, walitangaza matokeo ya kupima macho ya wapigaji wa kriketi. Waligundua kwamba stadi haufuati mpira njia nzima. Jicho lake huruka mapema hadi pale anapotarajia mpira utadunda, likausubiri hapo. Ubashiri huo haufundishwi kwa maneno. Huja kwa kukabili mipira mingi ya kasi ileile, na mwili nao ukajirekebisha: gongo haliinuliwi juu sana, na mguu huanza kusogea mapema.

Collins Obuya alizaliwa Nairobi mwaka 1981. Kaka yake, Kennedy Otieno, alikwisha piga mikimbio 85 dhidi ya Australia katika Kombe la Dunia la 1996. Collins mwenyewe alianza kusifika kama mrushaji wa mipira ya kuzungusha. Tarehe 24 Februari 2003, mjini Nairobi, aliwatoa wapigaji 5 wa Sri Lanka kwa mikimbio 24 tu. Kenya ikashinda, na mwezi uliofuata ikacheza nusu fainali ya Kombe la Dunia. Mwaka huohuo klabu ya Warwickshire ya Uingereza ikamchukua.

Baadaye urushaji wake ulipoteza makali. Wengi wangeacha mchezo, yeye akajijenga upya kama mpigaji. Tarehe 13 Machi 2011, mjini Bangalore, alisimama mbele ya Brett Lee, Mitchell Johnson na Shaun Tait, ambaye mwaka mmoja kabla mpira wake ulipimwa ukapita kilomita 160 kwa saa. Obuya hakutolewa. Alimaliza na mikimbio 98, miwili tu pungufu ya mia. Kenya ilifungwa kwa mikimbio 60, lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba mikono ya Wakenya haiwezi.

Kilichokosekana ni mechi. Baada ya 2003 mataifa makubwa yalicheza na Kenya kwa nadra, na migogoro ya uongozi na malipo ikaidhoofisha timu. Mwaka 2014 Kenya ikapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja.

Hapa Omani mambo yalikwenda kinyume. Zamani kriketi ilichezwa juu ya saruji, katikati ya mchanga na changarawe. Ukaja uwanja wa nyasi wa Al Amerat, zikaja na ziara. Mwaka 2016 Omani iliifunga Ireland katika Kombe la Dunia la mechi fupi, mwaka 2019 ikapata ile hadhi ambayo Kenya iliipoteza, na tarehe 17 Oktoba 2021 ikaishinda Papua New Guinea hapahapa Al Amerat bila mpigaji wake hata mmoja kutolewa. Wengi wa wachezaji hao walikuwa watu wa kazi, wenye asili ya Pakistani na India.

Basi tunapowalaumu vijana wetu kwamba wakitoka nje hushindwa, tuulize kwanza: huko nyumbani, mpira wa kasi hiyo walirushiwa mara ngapi?