Faragha Ndani ya Msafara: Matembezi ya Pamoja na Afya ya Akili ya Wanaume

Duniani, wanaume hufa kwa kujiua zaidi ya mara mbili ya wanawake. Huko England na Wales, tangu katikati ya miaka ya 1990, takribani robo tatu ya vifo hivyo ni vya wanaume. Jibu lililozoeleka ni kuwahimiza waseme yaliyo moyoni. Makala hii inashikilia kwamba himizo hilo linatanguliza la mwisho: kabla ya kumdai mtu maneno, sharti pawepo mpangilio unaomwezesha kuyatoa bila kuvunjiwa heshima. Matembezi ya pamoja ya wanaume, ambayo yameenea Uingereza na Australia, ni mpangilio wa aina hiyo.

Ushahidi upo, ila unahitaji kusomwa kwa makini. Mwaka 2015 Sarah Hanson na Andy Jones walijumuisha matokeo ya tafiti 42 zenye washiriki 1,843 wa vikundi vya kutembea, wakaona shinikizo la damu limeshuka na dalili za sonona zimepungua. Mwaka mmoja kabla yao, Melissa Marselle na wenzake walilinganisha zaidi ya watu 1,500 nchini England: waliotembea kwa vikundi walikuwa na sonona na msongo mdogo kuliko wasiotembea hivyo, lakini katika msaada wa kijamii makundi hayo hayakutofautiana. Matokeo haya ya mwisho ndiyo yanayostahili kutushughulisha. Yupo atakayesema yanathibitisha kwamba dawa ni miguu na kikundi ni pambo tu. Nayasoma vingine. Hojaji za msaada wa kijamii hupima zaidi msaada ambao mtu anaamini anao, kama vile nani atamuuguza au atamsikiliza. Hazinasi kinachopita kati ya watu wawili njiani kwa nusu saa. Isitoshe, mamilioni ya wanaume wa Afrika Mashariki hutembea kilomita kadhaa kila siku kwenda kazini, tena peke yao, na mwendo huo haujawaondolea dhiki.

Tazama msafara wenyewe unavyokwenda. Watu kumi na wawili hawabaki pamoja: wawili hutangulia, watatu husalia nyuma, na baada ya kona wamekwisha kubadilishana. Macho yako mbele, hivyo hakuna anayemkodolea mwenzake. Ukimya hauaibishi, kwa kuwa hatua zinaujaza. Na aliyeanza kusema jambo zito anaweza kuliacha njiani bila kuulizwa. Hii ni faragha inayopatikana hadharani, na ndiyo inayokosekana barazani. Watasema baadhi kwamba sisi tunazo baraza za kahawa na vijiwe, tuna haja gani ya kuiga? Baraza ni hazina, sikatai. Lakini neno likitoka pale limesikika na wote, na msemaji hupimwa kwa ufasaha na uimara wake. Mtu hujijengea heshima barazani, na heshima hiyohiyo ndiyo anayochelea kuipoteza.

Pingamizi nzito zaidi ni mbili. Kwanza, wengi wa waliochunguzwa katika tafiti hizi ni wanawake, hivyo kuzihamishia kwa wanaume kunabaki makisio, ingawa yana msingi. Pili, sonona kali humnyang'anya mtu hata nguvu za kuinuka kitandani. Kumwambia atembee ni kumwongezea lawama. Kwa hiyo matembezi hayachukui nafasi ya tiba. Yanamfikia yule ambaye hajajiita mgonjwa, na wapo wengi wenye sababu ya kutojiita hivyo: Tanzania, kujaribu kujiua bado ni kosa la jinai, na Kenya ni Januari 2025 tu ambapo Mahakama Kuu ilitangaza kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio hilo kuwa kosa, kuwa kinyume cha Katiba. Dar es Salaam haina haja ya kuanza upya, kwani vikundi vya jogging vinawakusanya wanaume tangu alfajiri. Ila kasi na nyimbo zao haziachi nafasi ya mazungumzo. Viongozi wao waongeze nusu saa ya mwendo wa taratibu, nao wafundishwe kutambua dalili za hatari, na wajue ni kliniki ipi ya karibu watakayomsindikiza mwenzao.